Nanosekunde Tatu

Mwalimu Lubango alikufa akivuta pumzi za mtoto wa miaka sita.

Nkwimba aliligundua hilo saa tatu kasorobo asubuhi, chai yake bado inatoa mvuke, na kwa dakika nzima alijidanganya kwamba macho yake ndiyo yenye kasoro. Alikuwa amekuja kutia sahihi tu. Sheria ya Jumba la Kinu ilisema mtu akifa, mchoro wa pumzi zake za saa ya mwisho usomwe kwanza na fundi, ndipo jina lifutwe. Na mafundi, binadamu ni binadamu, walikuwa wanausoma kwa jicho moja, wanaandika "mwisho wa kawaida", wanarudi kwenye chai yao. Mwalimu alikuwa na miaka sitini na mitatu na mapafu yamejaa vumbi la mgodi. Nani angeuliza maswali?

Ila mchoro ule haukuwa wa mzee. Mzee alipaswa kuvuta pumzi ndefu kumi na mbili kwa dakika. Huu ulikuwa wa pumzi fupi fupi, arobaini kwa dakika. Kwa dakika nne mfululizo mvukuto aliofungiwa kifuani ulimsukumia vijipumzi visivyomtosha hata kusema neno. Mkewe alikuwa ameketi naye, amemshika mkono. Katika maelezo yake, mama wa watu alisema alidhani mumewe anacheka.

Nkwimba akafungua orodha. Mwalimu alikuwa nambari 1,201. Nambari 1,200 alikuwa binti anayeitwa Minza, miaka sita, wa Mtaa wa Machimboni. Akaiweka michoro yao kwenye skrini, mmoja juu ya mwenzake. Ikalingana mstari kwa mstari.

"Mungu wangu," akasema. Na tusimpambe: wazo lake la kwanza halikuwa juu ya marehemu wala juu ya mjane. Lilikuwa juu ya amri moja iitwayo nakili.

Mgodi ulipofungwa, uliuachia mji wa Mwalukonge shimo na vumbi. Watu elfu tatu na mia mbili hawakuweza tena kupumua bila mvukuto, na mvukuto wenyewe haukuwa na akili yoyote. Kila pumzi yake ilipigiwa hesabu na Kinu, mtambo mmoja mkubwa uliofungiwa kwenye jumba la mawe, ambao uliituma pumzi nyumba kwa nyumba kwa redio. Mara hamsini kila sekunde Kinu kilipita orodha nzima, mtu baada ya mtu, kikapima kifua, kikaamua: vuta, shika, toa. Asiyefikiwa hakuvuta. Na kwa kuwa prosesa mpya, ubongo wa mitambo ya namna hii, zilikuwa hazijaingia nchini kwa miaka kumi na mitano, Kinu hakikuweza kuongezwa hata kipande. Ukitaka nafasi ya mgonjwa mmoja zaidi, dawa ilikuwa moja tu, programu ikimbie zaidi.

Hapo ndipo mafundi wa Mzizi, akina Nkwimba, walipopata heshima yao. Mzizi ni maktaba, na usifikirie vitabu; maktaba ya mafundi ni mkusanyiko wa amri ndogo ndogo ambazo programu nyingine zote huziazima. Iliyoazimwa kuliko zote iliitwa nakili. Kazi yake ni kuchukua kitu hapa na kukiweka pale, basi. Lakini iliitwa mara nyingi mno katika kila mzunguko, kiasi kwamba ukiipunguzia uzito wa unywele, mji mzima ulisikia nafuu.

Zamani nakili ilikuwa na ukaguzi. Kabla ya kuhamisha chochote ilijiuliza: je, ninapotoa na ninapoweka panaingiliana? Swali hilo lilikula nanosekunde tatu, yaani sehemu tatu kati ya bilioni moja za sekunde. Na lilikuwa swali la bure, maana kila fundi aliyeazima nakili alitakiwa na desturi ya jumba kuandika kiapo juu ya kazi yake, pamoja na jina: *Naapa ninapotoa na ninapoweka hapaingiliani.* Nkwimba alivihesabu viapo hivyo mwaka uliopita. Vilikuwa mia mbili na kumi na vinne. Mafundi wote wameapa, akasema moyoni, sasa huyu mlinzi wa mlangoni anamlinda nani? Akaufuta ukaguzi.

Nanosekunde tatu zikazaa nafasi kumi na tisa. Watu walishangilia uani, majina kumi na tisa yakasomwa kwa kipaza sauti, na kwa desturi ile ile, jina la mwisho lilikuwa la kuchaguliwa na fundi mwenyewe. Waliiita nafasi ya fundi, na nafasi ya fundi haikuguswa na yeyote. Nkwimba alimtaja dada yake, Holo. Nambari 3,200.

Chai ilikuwa imepoa. Nje upepo ulianza kupiga madirisha, ule upepo mwekundu wa Septemba unaotoka kwenye shimo.

*

"Dada Nkwimba, shikamoo."

Hakuitikia, na hapo Sayi akajua kuna jambo. Sayi alikuwa fundi wa orodha, mwembamba, mcheshi, mtu wa kuleta karanga kazini na kuzimaliza peke yake. Miezi miwili iliyopita alikuwa ameandika amri iliyompa sifa mji mzima: mgonjwa akizidiwa, Kinu kinampeleka mbele ya orodha ili ahudumiwe wa kwanza. Watu thelathini na mmoja walikuwa hai kwa sababu ya amri hiyo.

"Ukimpeleka mtu mbele," Nkwimba akamuuliza, "waliokuwa mbele yake unawafanyaje?"

"Wanarudi nyuma hatua moja. Kiti kimoja kimoja."

"Unawarudisha kwa kutumia nini?"

"Kwa nakili. Kwani kuna kingine?"

"Kiapo uliandika?"

"Niliandika, dada. Mbona unaniuliza hivyo? Kiko pale juu."

Kilikuwepo kweli. Nkwimba akakisoma kwa sauti, kisha akamwambia Sayi akae.

"Sikiliza. Benchi la zahanati limejaa watu. Unataka kila mmoja asogee kiti kimoja kulia. Unaanza na nani?"

"Wa mwisho kulia," Sayi akajibu. "Ukianza na wa kushoto utamkalisha mapajani pa..." Karanga zikabaki mkononi.

"Nakili inaanza kushoto. Inabeba watu mia nne kwa mpigo, inawaweka, inarudi kuchukua mia nne wengine. Kwenye mshono, pale mpigo mmoja unapokutana na mwingine, mtu wa mia nne ameshakalishwa juu ya wa mia nne na moja kabla huyo hajanyanyuka. Huyo wa mia nne na moja anafutika. Kinu kinamsoma yeye kama jirani yake."

"Ukaguzi si ungekataa?"

"Ungegeuza mwendo, ungeanza kulia. Niliufuta, Sayi. Kwa sababu mliapa."

Sayi akasema ukweli, na ulikuwa ukweli wa aibu. "Sikukiandika kwa kufikiri. Nilikibeba pamoja na mistari mingine kutoka kazi ya zamani. Wote tunafanya hivyo, dada. Kile kiapo ni kama kupiga hodi, unapiga huku umeshaingia."

Nkwimba alitaka kumtukana, akakosa tusi. Yeye alivihesabu viapo mia mbili na kumi na vinne, lakini hakukisoma hata kimoja na kazi iliyokuwa chini yake. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

"Lakini wangekufa wengi," Sayi akasema, sauti imepanda. "Miezi miwili, dada! Tungesikia!"

"Jirani akifanana na wewe, unapata pumzi karibu sawa na yako. Unakohoa kidogo, baada ya dakika nne Kinu kinasoma upya kumbukumbu kuu, mambo yanarudi sawa. Mwalimu alikuwa na bahati mbaya. Aliketi nyuma ya mtoto."

Hapo kengele ikalia.

Walikuwa wameisikia kengele ile mara nyingi bila kuinua kichwa. Mgonjwa amezidiwa, amepelekwa mbele, alhamdulillahi, kazi iendelee. Safari hii wote wawili walisimama kama waliomwagiwa maji. Skrini ikaandika kwamba nambari 2,950 amekwenda mbele. Kwa hiyo mishono saba. Watu saba mahali fulani mjini walikuwa wamefutika dakika hii hii, na wao hawajui.

"Soma!" Nkwimba akapiga kelele. "Soma waliokuwa kwenye mishono!"

Sayi akasoma. Mia nne na moja: mzee, jirani yake mzee. Sawa. Mia nane na moja: sawa. Elfu moja mia mbili na moja, palipokuwa pa Mwalimu kabla orodha haijasogea: mama wa makamo kapata pumzi ya mama wa makamo. Sawa. Elfu moja mia sita na moja, sawa. Elfu mbili na moja...

"Kang'wa Ndilla, miaka ishirini na tisa. Ana mimba ya miezi saba. Jirani yake ni mzee wa miaka themanini, pumzi saba kwa dakika."

"Simu!"

Iliita mara nne. Nkwimba alizihesabu. Akapokea mwanamume.

"Uko na mkeo? Kang'wa uko naye hapo?"

"Niko naye. Amelala. Nani mwenzangu?"

"Hajalala huyo! Napiga kutoka Jumba la Kinu. Mfungue mvukuto, sasa hivi, umpulizie kwa mdomo wako."

"Nimfungue mvukuto?" Sauti ikawa kali. "Wewe mwanamke una wazimu? Unaniambia nimuue mke wangu?"

"Tazama midomo yake! Tazama rangi ya midomo yake, baba, nakuomba kwa jina la Mungu!"

Halafu simu ikaanguka chini huko, na wakasikia mwanamume analia na kupuliza, analia na kupuliza. Kukilazimisha Kinu kisome kumbukumbu kabla ya wakati ilikuwa ni kusimamisha pumzi za watu wote. Hawakuwa na la kufanya ila kusikiliza. Sayi alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Dakika ya nne ilipotimia, Nkwimba akapaza sauti kwenye simu: "Mrudishie! Mrudishie mvukuto!" na baada ya muda ambao hakuna fundi angeweza kuupima, mwanamke akakohoa upande wa pili.

Hawakushangilia. Sayi alikuwa ameshaanza kuwasoma wale wawili waliobaki. Walikuwa sawa.

"Jana kengele zililia ngapi?" Nkwimba akauliza.

"Nne."

"Na leo?"

Sayi akatazama dirishani, kule ambako jua lilikuwa limegeuka rangi ya kutu. "Hiyo ni ya sita. Na saa nne haijafika."

*

Fundi mkuu, Mzee Maziku, aliwafungia mlango ofisini na kuwasikiliza bila kuketi. Alikuwa mtu mzito, mwenye shati la mikono mirefu lililofungwa hadi shingoni. Walipomaliza, kola yake ilikuwa imelowa.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi, Sayi, na mwanamume aliyempulizia mkewe."

"Zimeni hiyo amri ya Sayi."

"Tukiizima, wanaozidiwa watasubiri zamu," Nkwimba akasema. "Kengele sita leo, mzee. Hao sita wangekuwa maiti sasa hivi."

"Basi andikeni nakili ya pili, yenye ukaguzi, itumike hapo tu."

"Nimejaribu asubuhi hii, kwenye mashine ya majaribio. Haikai." Akamweleza kama anavyowaeleza wanafunzi. Prosesa ina kumbukumbu ndogo ya karibu, mfano wa kimeza cha mpishi: chumvi, kijiko, kitunguu, vyote mkononi. Programu ya Kinu ilikuwa imekijaza kimeza kile hadi ukingoni. Ukiongeza hata kijiko kimoja, kingine kinaanguka, na kila mzunguko mpishi anakwenda stoo kukitafuta. "Nikiurudisha ukaguzi, nikiandika ya pili, hesabu inatoka ile ile. Tunachelewa kiasi cha watu kumi na tisa."

"Acheni viti vya mishono wazi."

"Ukiviacha wazi sasa, kengele ikilia vinasogea," Sayi akasema kwa unyonge. "Anakalia mwingine."

Mzee Maziku akaketi. Alipoinua uso Nkwimba aliona kwamba naye anaogopa, ila anaogopa mambo mengine.

"Nyie mmesema wenyewe kwamba wengi wanakohoa tu. Miezi miwili amekufa mmoja. Labda mmoja! Mnataka niwatoe watu kumi na tisa leo, kwa hakika, ili kumwokoa mmoja wa labda? Tuandike hitilafu ya mvukuto. Upepo ukiisha, mkae, mtafute njia."

Na hili, msomaji, halikuwa neno la mjinga. Nkwimba alilipima. Lilimpendeza kupita kiasi, na kupendeza kule ndiko kulikomtisha.

"Upepo utakaa wiki tatu," akasema. "Kengele sita kabla ya saa nne, watu saba kila kengele. Ni suala la nani kaketi nyuma ya nani. Tena hawa hawajui, mzee. Kumi na tisa tutawaambia. Tutawapa mivukuto ya mkono, watakaa na ndugu zao, watajua wanapigana na nini. Mwalimu Lubango aliambiwa na nani? Mficha maradhi kifo humuumbua."

Mvukuto wa mkono ulikuwa mfuko wa mpira wenye mdomo wa plastiki. Mtu anaukamua, mgonjwa anavuta. Anauachia, mgonjwa anatoa. Mara kumi na mbili kwa dakika, mchana na usiku, mpaka afe mtu mwingine kwenye orodha na nafasi ipatikane. Wapo waliodumu mwezi kwa njia hiyo. Wapo waliodumu siku tatu. Kwa kawaida aliyechoka hakuwa mgonjwa.

Mzee Maziku akavuta orodha. Kanuni ilijulikana, wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka. Kidole chake kikashuka hadi chini kabisa ya ukurasa, kikasimama, na uso wake ukalainika kwa huruma ya kweli.

"Huyu Holo ni wako."

"Ndiyo."

"Nafasi ya fundi haiguswi. Hiyo ni desturi, wala hujaomba upendeleo. Tutaruka jina lake, tupande mmoja juu. Nambari 3,181." Akasoma. "Ng'washi Bundala. Mpishi wa shule. Hakuna atakayekulaumu, mwanangu. Hakuna hata atakayeuliza."

Nkwimba alitaka kusema ndiyo. Tusimpambe hapa pia. Neno lilishafika kwenye ulimi, na angelitoa, na sheria ya jumba zima ingesimama nyuma yake. Akaliona jiko la shule na mwanamke asiyemjua anakoroga uji, mvukuto unapanda na kushuka chini ya kanga yake. Mwanamke yule alikuwa ameingia kwenye orodha kabla ukaguzi haujafutwa. Pumzi yake ilitafutwa na fundi mwingine, kwa kazi ya halali, na ilikuwa pumzi ya kweli.

"Zile kumi na tisa hazikuwa nafasi, mzee," akasema polepole. "Niliziiba kwenye ukaguzi. Yule mama hakuingia kwa wizi wangu."

"Usiniletee ushujaa hapa."

"Ushujaa gani? Naogopa! Nikimtoa huyu mama nimweke dada yangu, nitakuwa nimeua mara ya pili, na mara hii nikiwa najua." Akamsogezea orodha. "Andika kumi na tisa wa mwisho. Wote. Andika kabla sijabadilika."

Mzee Maziku akaandika. Wakakubaliana saa nane mchana, ili mivukuto ya mkono ifikishwe majumbani na wahusika waambiwe ana kwa ana. Sayi angeupakia ukaguzi. Nkwimba akachukua mfuko mmoja wa mpira kutoka stoo, akautia kwenye kapu lake, akatoka nao kwenye vumbi.

*

"Ee! Leo nani kafa, mdogo wangu kuja kwangu mchana?"

Holo alikuwa ameketi kwenye mkeka sebuleni, anachambua mchele, mvukuto unamnong'onea kifuani kwa mwendo wake wa kawaida. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mwanamke wa mabega mapana na vicheko vya karibu. Mwaka mmoja wa Kinu ulikuwa umemrudishia mashavu. Mabati yalikuwa yanagongagonga juu kwa upepo, na binti yake asingerudi kutoka kazini mpaka jioni.

Nkwimba alikaa chini, akasema yote. Hakuzunguka, kwa sababu aliijua nafsi yake: angezunguka, asingefika. Mwalimu, nakili, kiapo, kengele, kumi na tisa. Saa nane.

Holo aliendelea kuchambua mchele mpaka mwisho wa maneno. Kisha akaweka ungo kando.

"Mimi nina nafasi ya fundi," akasema. "Ilisomwa kwa kipaza sauti. Haiguswi. Nani kakwambia uniguse?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Maziku?"

"Maziku alitaka ubaki."

Holo akamgeukia. Hofu ilimpanda usoni taratibu, maana alikuwa mwepesi wa akili na alishalifikia lile ambalo Nkwimba alitamani asilifikie.

"Kwa hiyo yuko mtu ambaye angetoka badala yangu."

"Yuko."

"Unamjua?"

"Simjui, dada."

"Humjui." Holo alilirudia kama mtu anayeonja chakula kilichoharibika. "Mimi unanijua. Miaka kumi na moja nimeponda kokoto pale chini ya shimo, Nkwimba. Kumi na moja! Mama alipokufa ulikuwa unanifikia hapa kiunoni. Hili vumbi lililo ndani yangu nililivuta ili wewe usome hizo hesabu zako. Leo umesoma, umekuja kunihesabu mimi."

"Dada..."

"Usiniite dada! Nenda kapige simu. Waambie umekosea. Si umekosea mara moja? Kosea tena!"

Nkwimba alikuwa analia sasa, bila sauti, machozi yanachora mistari kwenye vumbi la uso. Simu ilikuwa mfukoni. Ilikuwa saa nane kasoro dakika sita. Neno moja kwa Sayi lingetosha, na Sayi angemshukuru. Akatia mkono mfukoni, akaishika, ikamchoma moto kama kaa la jikoni. Halafu akamsikia tena akilini yule mwanamume wa asubuhi, analia na kupuliza. Akautoa mkono mtupu.

"Siwezi," akasema.

"Basi toka nyumbani kwangu."

"Nikitoka, nani atakukamulia?"

Holo akalitazama kapu. Mpira mweusi ulikuwa umechungulia. Mwanamke mzima yule akashika kanga yake kifuani kwa mikono miwili kana kwamba mvukuto ungeweza kufichwa.

"Naogopa," akasema kwa sauti ndogo. "Nkwimba, mimi naogopa kufa."

"Najua."

"Hujui."

Nkwimba akamsogelea. Alitarajia kofi, na angelipokea. Holo hakumpiga, wala hakumkumbatia. Aligeuza uso ukutani na kuacha mdomo wa plastiki ufungwe juu ya pua na midomo yake, kama mtoto anayelazimishwa anywe dawa. Wakasubiri hivyo. Mvukuto ulivuta, ukashika, ukatoa. Ukavuta, ukashika, ukatoa. Halafu ukatoa mlio mfupi wa kitasa kinachofungwa, na haukuvuta tena.

Nkwimba akakamua.

Kifua cha Holo kikapanda. Akaachia, kikashuka. Akakamua tena. Kichwani mwake hakukuwa na nanosekunde, hakukuwa na orodha, kulikuwa na kifua kimoja tu kinachopanda na kushuka. Kila kiliposhuka aliona kama hakitapanda tena, kwa hiyo akawahi. Akakamua kabla pumzi haijaisha kutoka. Akawahi tena. Jasho likamwingia machoni. Mabati yakagonga, akashtuka, akakamua mara mbili kwa mpigo.

Mkono wa Holo ukainuka kutoka mkekani, ukamshika kifundo cha mkono. Macho yalikuwa yamemtoka. Maneno yalitoka chini ya plastiki moja moja, kila neno kwa pumzi yake.

"Taratibu. Nkwimba. Unanikimbiza."

"Samahani," Nkwimba akasema. "Samahani, dada, samahani." Akajaribu kupunguza, na mikono ikakataa.